Jua Lililopatwa: Maelezo ya Picha ya Bibi Alma Thomas

Kila mwalimu aliyepata kufundisha somo la kuchora analijua swali hili: Hii ni nini? Mtoto aleta karatasi yake, nasi kabla ya kuitazama sana twamwuliza, Hii ni nini? Akijibu kwamba ni ng'ombe, twahesabu miguu, twatafuta pembe na mkia, na vikitimia twampa alama zake. Sisemi kwamba swali hili ni baya, maana ndilo limfundishalo mtoto kumtazama ng'ombe mwenyewe, asije akachora ng'ombe wa kusikia tu. Lakini mtu mzima akilichukua swali hilo hilo na kwenda nalo mbele ya picha isiyoiga umbo la kitu chochote, atarudi mikono mitupu, na pengine atarudi na hasira, akidhani kwamba mchoraji amemfanyia mzaha. Ndipo tusikiapo watu wenye elimu yao wakisema, "Hata mwanangu wa darasa la pili aweza kufanya haya."

Picha za namna hiyo, ambazo wajuzi huziita sanaa dhahania, zimeenea ulimwenguni kwa muda wa miaka mia na zaidi sasa. Sitajaribu kuzitetea zote, maana ziko ambazo hazistahili mtetezi. Nataka kueleza moja tu, yaani The Eclipse, au kwa lugha yetu Kupatwa kwa Jua, iliyochorwa mwaka 1970 kwa rangi za akriliki na mwanamke mweusi wa Marekani aliyeitwa Alma Thomas. Nimeichagua kwa kuwa mawazo yaliyo ndani yake yaweza kufuatwa hatua kwa hatua hata na mtu asiyejua kushika burashi. Tena sifichi kwamba upo upendeleo kidogo: bibi huyu alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka 35, na sifa yake ilimjia baada ya kustaafu.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1891 katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia, upande wa kusini wa Marekani. Huko mtoto mweusi hakuruhusiwa kuingia katika nyumba za kuwekea picha. Mwenyewe aliyakumbuka hayo alipokuwa mzee, akasema kwamba kuingia tu kulikuwa hakuwezekani, sembuse kuwaza kutundika picha yako humo. Mwaka 1907 wazazi wake walihamia Washington, kwa kutafuta shule za watoto na kwa kuzihofu chuki za kusini. Mwaka mmoja nyuma, katika mji wa Atlanta, jimbo hilo hilo, watu weusi wengi walikuwa wameuawa katika fujo. Mwaka 1924 akamaliza masomo Howard University, naye ndiye mtu wa kwanza kabisa kuhitimu katika idara ya sanaa ya chuo kile. Baadaye akaingia kufundisha Shaw Junior High School, akakaa huko mpaka mwaka 1960. Mwaka 1934 alipata shahada ya pili Columbia University, mjini New York, na insha yake ya chuo ilihusu wanasesere wachezeshwao kwa nyuzi. Mwaka 1936 akawaanzishia wanafunzi mpango wa kuwaonjesha sanaa, maana shule za Washington ziligawanywa kwa rangi ya ngozi hata ilipofika mwaka 1954, Mahakama Kuu ilipokataza, na shule za weusi hazikupewa vitu kwa kipimo kile kile. Miaka ya 1950 twamwona tena darasani kama mwanafunzi, jioni na mwisho wa juma, katika American University. Ndugu zangu walimu watayatambua maisha haya pasipo kuelezwa zaidi: mchana ni wa watoto wa watu, na kazi ya moyo hungoja taa ya jioni.

Muda mrefu alichora vitu vyenye sura, yaani maua, vyombo vya mezani, watu. Alikuwa fundi mwema, lakini mafundi wema wa kadiri ile walikuwa wengi. Mwaka 1964 baridi yabisi ilimshika sana, akakaribia kuiacha kazi ya burashi. Kisha akaombwa na James A. Porter wa Howard University atoe picha zake zionyeshwe pamoja chuoni mwaka 1966, naye akataka kuleta kitu kisichofanana na alichokwisha kukifanya yeye wala na walichofanya wengine. Mbele ya dirisha la nyumba yake ulisimama mti uitwao holly, mti wa nchi za baridi wenye majani ya kung'aa, yenye miiba pembeni. Akakaa akautazama. Upepo ulipotikisa majani, nuru ilipenya katikati ikavunjika vipande vipande juu ya kioo na kuta. Hapo ndipo alipopata njia yake. Msomaji aangalie jambo hili vizuri: alichokichukua kutoka kwa mti si majani. Alichukua zile nafasi zilizo baina ya majani, kwa maana ndizo zilizopitisha nuru.

Tangu siku hizo picha zake zikawa za vipande vifupi vya rangi, kila kimoja kikikaribia kuwa kama kidole kwa umbo, vimepangwa kwa safu au kwa duara, na kati ya kipande na kipande weupe ukiachwa uonekane. Wako waliozifananisha na zile picha za kale za makanisa ya Bizanti, zilizotengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi. Mtu wa kwetu akiziona atakumbuka ushanga uliotungwa, au mkeka wa ukili wa rangi. Lakini asidhani kwamba nasema bibi huyu alitwaa ufundi wake Afrika. Ni desturi mbaya iliyoenea, kila mtu mweusi afanyapo kitu kizuri huko ng'ambo, kuharakisha kumtafutia kijiji alikokitoa. Yeye alisoma vitabu vya Johannes Itten, mwalimu wa rangi kutoka Uswisi, aliwatazama Wafaransa, na zaidi ya yote aliutazama mti wake.

Yafaa niseme neno juu ya rangi zenyewe, kwa sababu bila rangi hizi nadhani picha hii isingalikuwapo kama ilivyo. Tangu zamani wachoraji wa Ulaya walitumia rangi zilizosagwa ndani ya mafuta. Rangi ya mafuta ni nzuri kwa kuchanganya: hubaki mbichi kwa siku nyingi, hata mchoraji aweza kurudi kesho akaupitisha mwekundu ndani ya manjano pole pole, asionekane mpaka. Katika miaka ya 1950 zilianza kuuzwa rangi za namna nyingine, ambazo unga wa rangi umetiwa katika utomvu wa akriliki uliochanganyika na maji. Maji yakiisha kukauka, na hukauka upesi, utomvu hushikamana ukawa kama ngozi ngumu, nao hauyeyuki tena kwa maji. Basi kipande kilichowekwa saa moja kimekwisha kauka kabla ya chakula cha mchana. Jirani yake akiwekwa hapo, hawaingiliani. Kila kimoja hukaa na ukingo wake. Kwa mtu ambaye vidole vyake vinauma, asiyeweza kuvuta mstari mrefu kwa mkono mmoja usiotetemeka, lakini aweza kuweka kipande kifupi, akapumzika, akaweka kingine, rangi hii ilikuwa msaada mkubwa. Hakuwa hata na nyumba ya kazi. Alichora katika nyumba ile ile ndogo ya wazazi wake, na picha kubwa aliipakata magotini huku upande wa pili ameuegemeza kitini. Kwanza alipima na kupiga mistari kwa kalamu ya risasi, na katika baadhi ya picha zake mistari hiyo bado yaonekana chini ya rangi. Haya nayaandika kwa ajili ya wale wasemao kwamba picha kama hizi hurushwa tu, kama mtu amwagavyo maji ya kunawa.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Urefu wake kwenda juu ni futi 5 na inchi 2, na upana futi 4 na karibu inchi 2, yaani yaweza kumzidi mtoto wa darasa la saba kwa kimo. Ndani yake kuna duara moja la rangi ya buluu iliyoiva sana, iliyokaribia weusi. Duara hilo halikuwekwa katikati, limesogezwa kando. Kulizunguka ziko pete, moja nje ya nyingine, kila pete imetungwa kwa vile vipande vifupi, za rangi za ubaridi na za rangi za moto, hata kuufikia umanjano unaotapakaa nje. Pete za karibu zimetimia. Pete za nje hazitimii, maana ukingo wa turubai umezikata, na jicho lenyewe huzimalizia huko nje, ukutani, mahali pasipo na rangi yoyote. Hayo ndiyo yote yaliyomo. Hapana mbingu, hapana dunia, hapana mtu aliyeinua kichwa.

Tarehe 7 Machi 1970, siku ya Jumamosi, jua lilipatwa huko Marekani. Kila aliyesoma jiografia ajua jinsi iwavyo: mwezi hupita baina yetu na jua, na kwa kuwa jua ni pana mara 400 hivi kuliko mwezi, na tena liko mbali mara 400 hivi kuliko mwezi, basi machoni petu hivyo viwili hulingana, kimoja chaweza kukifunika kingine barabara. Kivuli kilipita juu ya majimbo ya mashariki, Florida, Georgia alikozaliwa bibi huyu, Carolina zote mbili na Virginia, kikaendelea baharini. Lakini Washington, mji aliokaa, ulikuwa nje ya njia ya kivuli. Huko jua halikufunikwa lote. Ulibaki ukingo mwembamba wa nuru kama mwezi mwandamo.

Basi tujiulize. Kama mchoraji huyu angalitaka kuiga kilichoonekana juu ya mji wake siku ile, angalichora ukingo mwembamba wa nuru katika mbingu iliyofifia. Hakufanya hivyo. Alichora duara kamili. Na hata walioko ndani ya kivuli hawakuona alichokichora yeye, kwa sababu jua likifunikwa lote mbingu hugeuka giza, nyota kubwa hutokea, na kuizunguka sahani nyeusi ya mwezi huonekana nuru nyeupe, ya upole. Hapana jicho lililoona nyekundu na manjano zikijaa kutoka ukingo hata ukingo. Picha hii yenye jina la jambo lililotukia kweli, katika siku ijulikanayo, yaonyesha kitu ambacho hakikuonwa na mtu yeyote duniani. Wala hilo si kosa la kuona vibaya. Mtu huyu alifundisha watoto kuchora kwa miaka 35. Kama kuna neno alilolijua, ni tofauti ya kuiga na kutoiga.

Amefanya nini, basi? Naona amegeuza mizani. Katika tukio lenyewe giza ni kubwa na nuru ni pete nyembamba. Katika picha, giza lina mpaka. Laweza kupimwa kwa bikari, na limezungukwa pande zote. Nuru ndiyo isiyo na mpaka, hata turubai haikutosha kuichukua. Tena angalia kwamba giza limewekwa kando. Duara lingalikaa katikati hasa, picha ingalitulia kama sahani juu ya meza, na tungalidhani kwamba hali hii ni ya kudumu. Kwa kuwa limesogea, twahisi kwamba linapita: lilitoka mahali, na laelekea mahali. Wazo la kupatwa kwa jua, likichunguzwa, si wazo la giza hata kidogo. Giza twalijua kila usiku wala hatustaajabu. Kinachotushtua katika kupatwa kwa jua ni giza lililo na saa yake ya kuondoka, lijalo mchana wakati usio wake. Bibi Thomas amelishika wazo hilo akaacha mengine yote, mbingu, nyota na jogoo awikaye saa sita mchana. Kazi hiyo ya kuacha ndiyo maana ya neno dhahania. Mtu hufikiri kwamba mchoraji wa namna hii ameshindwa kuweka vitu ndani ya picha, kumbe amevitoa kimoja kimoja mpaka kikabaki kile ambacho kikitoka, picha nayo imetoka.

Hapa msomaji mwerevu atanizuia. Atasema, "Haya yote umeyapata katika jina. Lifute jina, nawe hutajua kama ni jua, au ua, au shabaha ya kujifunzia bunduki." Neno hili lina nguvu, na watetezi wengi wa sanaa hii hulipita kwa haraka kama mtu apitaye karibu na mbwa wa jirani. Mimi nasema: ni kweli, bila jina nisingalijua kwamba ni jua. Lakini bila jina ningalijua bado kwamba kitu cheusi kimezungukwa na vitu ving'aavyo, kwamba kiko kando, kwamba mng'ao huo wavuka mipaka ya turubai. Na mwendo huo ningeuhisi kifuani kabla sijaupa jina. Jina halikuleta mwendo, limeuambia tu mahali pa kukaa. Mwimbaji akiimba kwa lugha usiyoijua, bado watambua kama analia au anacheka. Ukitafsiriwa maneno wapata kujua ni nani aliyekufa. Hata hivyo sitaficha kwamba ziko picha zake nyingine zinazolitegemea jina kupita kiasi. Miaka ile ile alichora mfululizo wa picha aliozipa jina la Snoopy, chombo cha safari ya Apollo 10 kilichoukaribia mwezi mwaka 1969 bila kutua. Alizipenda habari za safari za anga. Alizaliwa zama za gari la farasi, akafika kuona watu wakitembea juu ya mwezi. Lakini katika baadhi ya hizo, jina lisipokuwapo, vipande vya rangi vinabaki kuwa mapambo mazuri ya kitambaa, na zaidi ya hapo sioni kitu. Mkono umezoea njia, na njia imemchukua mwenye mkono.

Liko na shauri lingine zito kuliko la jina. Miaka ile watu weusi wa Marekani walikuwa katika kupigania haki zao, na vijana wengi wa sanaa walidai kwamba mchoraji mweusi aonyeshe mapigano hayo: nyuso, minyororo, ngumi zilizoinuliwa. Waliuliza, na wako waulizao hata leo, Mwanamke huyu alipataje kukaa dirishani akipanga rangi wakati watu wake wanapigwa? Swali hili halikumhusu yeye peke yake. Kila mwandishi na kila mtunga mashairi wa watu walioonewa hukutana nalo, nasi Waafrika tumeulizana hilo hilo mara nyingi: je, mtu ana haki ya kuimba juu ya ua, wakati kuna jambo la kulia?

Yafaa kwanza kusema yaliyo kweli. Tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 walipoandamana Washington kudai kazi na uhuru, Bibi Thomas alikuwamo, pamoja na rafiki yake Lillian Evanti, mwimbaji mashuhuri. Mwaka uliofuata aliyachora maandamano hayo, watu wakiwa mabaka ya rangi chini ya mabango yao. Tena mwezi wa Aprili 1968, alipouawa Martin Luther King, mji wa Washington uliwaka moto kwa siku kadhaa, na mahali palipoharibika sana palikuwa mtaa wa 14. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa 15. Mtu aliyeishi hapo hakuhitaji kusimuliwa habari za moshi. Miaka miwili baadaye akachora picha ya giza lililozungukwa. Sisemi kwamba picha ile ni ya moto ule. Yeye hakusema hivyo, na mhakiki hana ruhusa ya kumtia mchoraji maneno kinywani. Yeye alisema kwa wazi kwamba kwa njia ya rangi alikusudia kuuelekea uzuri na furaha kuliko ukatili atendao mtu kwa mwenziwe.

Maneno hayo yamewaudhi wengine, wakayaona kuwa ni ya mtu aliyekimbia. Mimi siyaoni hivyo, na sababu yangu iko ndani ya picha wala si katika maneno yake. Mtu akimbiaye giza haliweki katika picha. Angalichora pete za manjano hata katikati, na turubai yote ingaling'aa tamu kama peremende. Yeye ameweka giza, tena amelifanya kuwa kitu kizito kuliko vyote vilivyomo, kitu pekee katika picha ambacho hakikuvunjwa kwa vipande wala hakikupenywa na weupe. Furaha yake imejengwa kulizunguka jambo analolijua. Wale waliodai ngumi na minyororo walikuwa na haki ya kuvichora, na wengine walivichora vizuri. Lakini walipotaka kwamba kila mkono mweusi uchore hivyo tu, walikuwa wanarudisha mlangoni, kwa nia njema, bawabu yule yule wa Columbus: huko alikatazwa kuingia, na hapa aliambiwa ni chumba kimoja tu anachoruhusiwa.

Naye aliingia. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, picha zake zilitundikwa peke yake katika Whitney Museum ya New York, jambo ambalo halijapata kutendeka kwa mwanamke mweusi yeyote. Mwaka 2015 picha yake ya duara ya mwaka 1966, iitwayo Resurrection, yaani Ufufuo, ilitundikwa katika Ikulu ya Marekani, nayo ni kazi ya kwanza ya mwanamke mweusi kuingizwa katika mkusanyo wa nyumba ile. Ikulu ilikuwa imekwisha kutaka picha yake mwaka 2009, ile iitwayo Watusi, ya mwaka 1963, na jina hili lina hadithi ya kutuchekesha sisi tukaao karibu na Rwanda. Vijana wa Marekani wa miaka ile walicheza dansi waliyoiita Watusi, kwa jina la Watutsi, ambao wachezaji hao hawakupata hata kuwaona. Bibi Thomas naye alichukua maumbo ya picha ya karatasi zilizokatwa, kazi ya Henri Matisse wa Ufaransa ya mwaka 1953 iitwayo Konokono, akaigeuza upande, akabadilisha rangi, akaipa jina la dansi. Kwa hiyo picha ya mwanamke wa Washington, yenye mwili wa Kifaransa, imebeba jina la watu wa maziwa yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa! Ni picha ya kujifunza, changamfu, na kwa maoni yangu haifikii nusu ya ile ya jua. Faida yake ni kwamba yatuonyesha alikotoka: Matisse naye alikuwa mzee mgonjwa wa kukaa kitini, akapata mkasi mahali pa burashi, kama vile huyu alivyopata kipande kifupi mahali pa mstari mrefu.

Neno la mwisho ni juu ya ule weupe uliobaki kati ya vipande. Mimi nimeijua picha hii kwa nakala zilizochapwa, na zikipunguzwa sana weupe huo hupotea. Pete huonekana kama zimepakwa kwa mkupuo mmoja, nayo picha hufa. Mwenye kuitafuta atafute nakala kubwa, aisogeze karibu hata aone kila kipande kimesimama peke yake, kisha airudishe nyuma mpaka vipande vikawa pete. Kati ya hatua hizo mbili weupe huanza kutetemeka, na nuru ya picha yaonekana kutoka huko, mahali ambapo hakuweka rangi. Ni zile nafasi za mti wa holly tena. Mwaka 1976, mwenye umri wa miaka 84 au 85, alichora kazi kubwa ya turubai tatu zilizounganishwa, upana wake futi 13, iliyotajwa kwa maua mekundu ya azalea yaimbayo na kucheza. Humo duara halimo tena, wala giza. Ni vipande vyekundu na weupe tu, na weupe umepewa nafasi kubwa kuliko alivyopata kuupa zamani. Alifariki tarehe 24 Februari 1978, na katika mwaka huo huo Kupatwa kwa Jua, aliyoitoa kama zawadi, ikaingia katika hazina ya picha za taifa ya Smithsonian, mjini Washington.